Swali la Dirishani

Mbwa wa Tarja Ihalainen alikuwa mdogo kuliko paka wa jirani, lakini mdomo! Alianza kubweka Outi Rautava alipofunga mlango wa gari, akabweka ngazini, akabweka ukumbini, na hata Outi alipokwisha kuketi jikoni, upande wa pili wa meza ndefu kama amri za korona zilivyotaka, bado alikuwa uvunguni anabweka kwa sauti nyembamba ya kukatakata, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

"Kimya, Nappi," Tarja alisema. Nappi hakunyamaza.

"Ana nini leo?"

"Hana kitu. Ndivyo alivyo. Akiona mtu anabweka, akiona jani anabweka. Afande, hukuja hapa kwa habari za mbwa."

Ni kweli, hakujia mbwa. Alikuja kwa ajili ya Jarkko, mdogo wake Tarja, dereva wa lori la magogo, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, aliyekutwa Jumapili asubuhi juu ya benchi la sauna ya familia, kibanda cha kuogea mvuke kando ya ziwa, amekufa na soksi zake miguuni. Mtu akifia nyumbani bila daktari, polisi wa Finland sharti waulize kwa nini. Hiyo kwa Outi ilikuwa kazi ya kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba kabla hajamwuliza mtu yeyote, Tarja alikuwa amekwisha kupiga simu kituoni mwenyewe na kutaja jina la mwuaji.

"Basi nieleze tena, taratibu," Outi alisema.

"Nieleze nini tena? Heini amemwua mdogo wangu. Mumewe wa ndoa! Mtu anakohoa, ana homa, wewe unamwacha alale kule sauna peke yake wiki nzima. Humwiti daktari. Halafu Jumamosi unamkokea moto wa sauna, mgonjwa yule! Wewe mumeo ungemfanyia hivyo?"

"Wangu alihamia kwa mwanamke wa Kuopio. Nisingemkokea hata kijiti."

Watu wa mkoa huu wa Savo hucheka kwa jambo dogo kuliko hilo. Tarja hakucheka. Alikata kipande cha mkate mweusi, akachukua kidonge kilichokuwa kando ya kisosi, kidonge kirefu cheupe, akakimeza kwa kahawa huku amekunja uso. Sahani ya maandazi ya mdalasini aliisogeza yote upande wa mgeni.

"Wewe mwenyewe ulimwona Jarkko lini mara ya mwisho?"

"Mwanzoni mwa Machi. Baada ya hapo serikali ikasema wazee wasitembelewe, na baba ana miaka themanini na nne. Sijakanyaga pale tena."

Alilisema haraka, macho yakiwa kwenye mkate.

"Na ikionekana Heini ana kosa?"

"Mkamfunge. Na msipomfunga, aondoke. Nyumba ni ya baba. Nimeshamwambia, baada ya mazishi afungashe vyake." Hapo sauti ikamkatika. "Watu kumi tu, afande. Wanasema kwenye mazishi ruhusa ni watu kumi. Jarkko, aliyejulikana na kila mtu kutoka hapa hadi mpaka wa Urusi."

Aliangua kilio, na Outi hakuweza hata kumshika bega. Walikaa hivyo, meza katikati yao, mbwa anabweka.

*

Daktari Lindroos, mpasuaji wa maiti, alimpigia akiwa njiani.

"Rautava, umekaa?"

"Nimekaa. Naendesha."

"Basi simama."

Outi aliegesha kando ya duka lililofungwa, akazima injini.

"Ni korona," Lindroos alisema. "Mapafu yalikuwa mazito kama maini. Sikuwa na haja ya kutafuta zaidi, ila nilitafuta."

"Sauna haikumwua?"

"Jamani, nyie watu na sauna! Kila maiti mnaniuliza sauna. Hapana. Jiko lilikuwa limepata moto kidogo tu, na yeye alikufa hata soksi hajavua."

"Basi nifahamishe jambo moja linalonisumbua. Baba yake ni mzee wa miaka themanini na nne, moyo mbovu, mapafu yamelika kwa sigara. Amepimwa, naye alikuwa nayo hiyohiyo. Kakohoa kidogo, sasa anakunywa kahawa dirishani. Mwana amekufa. Inakuwaje?"

Lindroos alishusha pumzi. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu theluji.

"Tungelijua lote hilo, mimi ningekuwa likizo. Kuna watu wanaoelemewa zaidi. Wazee kwanza, hao ni wa mbele kabisa. Wanaume kuliko wanawake. Wanene. Wenye shinikizo, wenye moyo mbovu, figo, mapafu, sukari isiyotunzwa. Lakini usidhani kila mzee atakufa na kila mwenye nguvu atapona. Fikiria mizani ya sokoni, kila kimoja kinaongeza jiwe upande uleule. Mtu wako alikuwa mwanamume, amevuka hamsini, na kile kitambi cha madereva. Hayo ni mawe matatu, madogo madogo. La nne nimelikuta mimi, na ni kubwa."

"Lipi?"

"Kisukari. Na si cha jana. Damu ya maiti inaweza kukudanganya, ndiyo maana tulipima na maji ya jicho, na vipimo vingine vinasema hivyohivyo. Alikuwa nacho miaka, na hakikutunzwa inavyopasa."

"Haiwezekani. Nimepitia taarifa zake zote za hospitali. Hana ugonjwa, hajaandikiwa hata dawa ya minyoo."

"Ndiyo nakuambia ukae. Kwenye damu yake kuna dawa ya sukari, ya vidonge. Kidogo, lakini imo."

"Aliyempa nani?"

"Hiyo kazi yako. Mimi ni wa maiti."

Outi alitazama dirisha la duka, lenye tangazo la kuwaomba wateja waachiane nafasi. Ama mtu alimtilia Jarkko dawa chakulani, ama Jarkko alikuwa anakunywa mwenyewe kwa siri. Kwa vyovyote vile kulikuwa na mtu wa tatu aliyeandikiwa dawa hiyo na daktari.

"Swali la mwisho," alisema. "Mkewe aliwaambia askari wa zamu kwamba Ijumaa alikuwa anacheka. Mtu wa mapafu yale anacheka?"

"Hao ndio wanaotutoa jasho. Hewa imepungua mwilini, midomo imekuwa ya bluu, na yeye anakwambia yuko safi, anataka gazeti. Haisikii ile shida. Halafu anaanguka. Tukimpata mapema, na hasa tukijua ana sukari, tunamleta hata akicheka. Huyu hakuna aliyemleta."

*

Barafu ya ziwa ilikuwa imegeuka kijivu, na mahali pengine maji yalikwisha kuonekana. Katika ua wa kina Ihalainen mbwa mkubwa mzee alilala ngazini. Outi alipita karibu naye. Mbwa alifungua jicho moja, akalifumba.

"Polisi gani huyu asiye na king'ora?" sauti ilitoka dirishani. Mzee Taisto alikuwa amefungua dirisha la jikoni, amejifunika blanketi, kikombe mkononi.

"Nimekiacha nyumbani, mzee. Kinatisha ng'ombe."

"Hatuna ng'ombe."

"Basi ningekileta."

Mzee alianza kucheka, kisha akakumbuka, na uso wote ukamporomoka.

"Huyu mbwa habweki?" Outi aliuliza, ili kumpa nafasi ya kujifuta macho.

"Huyo? Aliacha kubweka kabla mimi sijaacha sigara. Mwizi akija atamwonyesha pa kupita." Aliweka kikombe chini. "Walinifungia humu mimi, binti. Usitoke baba, usimshike mtu baba, kaa mbali na mlango baba. Mimi ndiye niliyekuwa yai la nyumba. Kumbe yai lilikuwa kule chini, sauna. Nami nimeupata ugonjwa wenyewe, nikakohoa mara mbili, ukanitema. Kwa nini usinichukue mimi? Nilikuwa tayari, nimeshachoka."

Outi alitazama dirishani, akaona kando ya mzee kifurushi cha biskuti kavu na kopo la samaki lililofunguliwa vibaya.

"Hicho ndicho chakula chako? Heini hapiki?"

"Anapika. Mimi sili." Mzee alitazama pembeni. "Tangu Tarja aseme aliyoyasema, hakipiti kooni. Miaka ishirini na mitano nimekula mkono wa yule mwanamke. Sijui, binti. Wewe ndiye polisi, wewe niambie. Nile au nisile?"

*

Heini alikuwa chini, kwenye kibanda cha sauna, anakusanya nguo za mumewe katika kikapu. Mwanamke mwembamba, mikono myekundu kwa maji baridi. Alimsogelea Outi, akakumbuka, akarudi nyuma hatua zake.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza."

"Haya, uliza. Hapa kuulizwa ni jambo geni."

Alieleza bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia kabla. Jarkko alirudi kutoka kazini na kikohozi, hakuingia ndani. Alisimama pale kwenye rundo la kuni akasema, mimi nalala sauna, yule mzee tusije tukamwua. Kumbe yeye na mzee walikuwa wamekwisha kunywa kahawa pamoja asubuhi ileile, lakini hilo nani angelijua? Alilala kule. Heini alimwekea chakula ngazini, akagonga, akarudi nyuma, wakasemezana kupitia kioo.

"Ulikuwa unampelekea nini?"

"Supu ya samaki. Mkate. Chakula hakikupita, afande, alitaka kunywa tu. Nikampelekea juisi ya moto ya beri nyeusi, ya bustani yetu, iliyokolea sukari, ile anayopewa kila mgonjwa. Mama yangu alitunywesha hiyo, na mama yake alimnywesha hiyo. Chupa ya chai nzima anamaliza, anagonga dirisha nimletee nyingine. Nikafurahi. Nikasema, kiu hiyo ni ya mtu anayepata nguvu."

Chupa yenyewe ilikuwa bado ngazini, kikombe chake kimefunikwa juu. Outi aliitazama, akafunga daftari lake bila kuandika.

"Na sauna ya Jumamosi?"

"Aliitaka mwenyewe. Jumamosi bila sauna kwake si Jumamosi. Nikamwambia una homa, akasema basi weka moto kidogo, nisikie harufu tu. Midomo yake ilikuwa imeiva bluu. Nilidhani baridi. Ndiyo maana nikawasha."

"Mumeo alikuwa na ugonjwa wowote?"

"Ukaidi."

"Sukari?"

Heini alishangaa. "Sukari alikuwa nayo mama yake. Walimkata mguu mmoja, wakamkata wa pili. Jarkko hakutaka neno hilo litajwe mezani."

"Na wewe hukuwahi kumwuliza yeye mwenyewe?"

"Katika nyumba hii mtu haulizwi. Akitaka kusema atasema. Akinyamaza, unamwachia ukimya wake, hiyo ndiyo heshima yao. Nilipoolewa nilidhani hawanipendi. Nilikaa mwaka mzima nalia chooni. Kumbe hivyo ndivyo wanavyopendana."

Outi aliingia kibandani. Benchi, ndoo, jiko la mawe, koti la kazi ukutani. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na kopo dogo la bati la pipi zenye ladha ya lami, zile chungu ambazo wanaume wa misituni huzitafuna.

"Alipenda pipi?"

"Hizo? Moja kila baada ya kula. Wala hakumgawia mtu. Nilikuwa namtania, nikimwita bahili wa pipi. Baba alimwomba moja siku ya Krismasi, akatoka nje na kopo lake."

Outi alivaa glavu, akafungua kifuniko. Hakukuwa na pipi. Kulikuwa na vidonge virefu vyeupe, vingine vimekatwa nusu kwa kisu.

Heini aliinama kuvitazama. "Hivyo ni nini?" aliuliza, na kwa sauti yake Outi alijua kwamba hajapata kuviona.

"Ulipiga simu kwa daktari?"

"Ijumaa. Ile namba ya ushauri ya korona. Tarja haamini, lakini nilipiga. Nilisimama hapahapa, nimeelekea dirisha."

"Najua ulipiga. Nimeomba rekodi."

*

Rekodi ilikuwa imekwisha kufika. Outi aliisikiliza garini, madirisha yamefungwa.

Nesi wa kwenye simu alikuwa mpole na mwenye haraka. Jina? Umri? Homa ya ngapi? Anapumua vizuri? Heini akajibu yote. Kisha likaja swali ambalo nesi yule alikuwa akimwuliza kila mtu nchini:

"Ana ugonjwa wowote wa muda mrefu? Moyo, mapafu, figo, shinikizo, kisukari?"

"Hana. Ngoja, nimwulize mwenyewe." Kioo kikagongwa. "Jarkko! Wanauliza kama una ugonjwa wowote! Moyo, sukari, chochote!"

Kimya. Katika kimya hicho, mbali kidogo, mbwa akabweka, sauti nyembamba ya kukatakata. Kisha sauti ya mwanamume nyuma ya kioo, ya uchangamfu kabisa:

"Waambie nina baba!"

Heini alicheka. Hata nesi alicheka.

"Anasema hana ila baba yake."

"Basi apumzike nyumbani, anywe vitu kwa wingi. Akizidiwa, piga simu tena."

Outi alirudisha nyuma akasikiliza tena, na mara hii hakusikiliza maneno. Halafu alitazama ngazini. Mbwa mkubwa wa Ihalainen alikuwa amelala vilevile, na kunguru anatembea mbele ya pua yake.

Alishuka, akamwita Heini. "Ijumaa ile, nani mwingine alikuwa hapa uani?"

"Hakuna. Labda wifi alipita. Huwa anamletea baba mkate, anaweka ngazini, anaondoka bila hata hodi. Mimi nilikuwa nimeupa ua mgongo."

*

Tarja alipomwona Outi tena mlangoni siku ileile, hakumkaribisha kahawa.

Outi alitoa mfuko wa plastiki, ndani yake kopo la pipi, akauweka mezani.

"Kimoja cha namna hii ulikimeza asubuhi mbele yangu."

"Vidonge vyeupe viko vingi duniani."

"Viko. Ndiyo maana nitavipeleka maabara, na nitauliza duka la dawa unachukua vingapi. Au utaniambia."

Tarja alivuta kiti, akakaa kwa kishindo.

"Ni vyangu," alisema. "Nilimpa mimi. Alianza kuamka usiku anakunywa maji, anakojoa, macho yanaona ukungu. Nilimjua palepale, nilimwuguza mama. Nikampima hapa jikoni kwa kifaa changu. Akasema, Tarja, ukimwambia mtu yeyote nimekufa. Leseni ya lori kubwa inataka cheti cha daktari. Nilimwambia, mdogo wangu, huenda wasikunyang'anye, nenda kaonwe. Baada ya msimu wa magogo, akasema. Ukaisha msimu, ukaja mwingine. Nikawa najinyima vyangu nampa. Nilimwapia, afande. Kwa miguu ya mama."

"Na Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Tarja."

"Hapa! Nimeshakwambia sijakanyaga kule."

Outi alitoa simu, akabonyeza. Jikoni mle mkajaa sauti ya Heini: Wanauliza kama una ugonjwa wowote! Moyo, sukari, chochote! Kisha kile kimya, na mbweko. Nappi akatoka uvunguni mbio, masikio juu, akaanza kujibizana na simu.

Tarja alijiziba uso kwa mikono.

"Nilikuwa kwenye kona ya kuni," alisema ndani ya viganja. "Na mkate mkononi. Heini hakuniona, yeye Jarkko aliniona. Alinitazama moja kwa moja kupitia kioo, akatikisa kichwa. Hivi, kidogo tu. Na mimi nikanyamaza. Alikuwa anacheka, nikasema ana nguvu, kesho nitakuja nimseme vizuri. Nikaweka mkate ngazini nikaenda zangu."

"Ungesema neno moja..."

"Usinimalizie!" Alilia kwa sauti. "Usinimalizie, nakuomba. Najua. Nikifumba macho nakiona kile kichwa kinatikisika."

"Kwa hiyo ukamtafuta wa kubeba lawama."

"Nilitaka awe mtu mwingine. Yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa karibu."

Outi alirudisha simu mfukoni. Kumwonea huruma alimwonea, na hasira alikuwa nayo pia, vyote pamoja, na hakuona sababu ya kuficha kimojawapo.

"Usimwambie Heini," Tarja alisema.

"Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe. Chukua koti."

*

Alimwambia uani, wamesimama pembe tatu, kila mmoja mbali na mwenzake. Tarja hakuacha kitu: kifaa cha kupimia, vidonge, kiapo, kona ya kuni, kichwa kilichotikiswa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mzee Taisto nyuma yake hakusogea.

"Hakuna kesi juu yako, Heini," Outi alisema. "Uliuliza na ukajibiwa. Nitaandika hivyo na itafungwa."

Alidhani mwanamke yule atashusha pumzi. Heini hakushusha. Alikuwa anamtazama wifi yake.

"Ulipokuwa pale konani, chupa ilikuwa ngazini?"

Tarja hakuelewa. "Chupa gani?"

"Chupa ya chai. Ya juisi."

"Ilikuwapo."

"Ulijua kilichomo?"

"Harufu yake inajulikana," Tarja alisema. "Ndiyo. Nilijua."

Heini alimgeukia Outi. "Yule mwenye sukari, akinyweshwa vile..."

"Ni virusi, Heini. Daktari amesema mapafu."

"Sikukuuliza mapafu."

Heini alikaa kwenye ngazi ya sauna, akaipakata ile chupa.

"Alipokuwa akiniomba nyingine," alisema, "niliongeza asali. Nilisema ni kikohozi, asali inalainisha. Kila mara naongeza. Aligonga dirisha na mimi nakimbia. Nilikuwa nakimbia, afande. Ili isipoe."

Na sasa ndipo alipolia, kilio cha chini chini cha mtu asiyetaka kusumbua watu. Tarja alipiga hatua moja kumfuata, akasita, akabaki katikati ya ua. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mzee Taisto alitoka na blanketi lake na makubazi ya ndani, mara ya kwanza tangu wamfungie. Alimruka mbwa, akampita binti yake bila neno, akashuka taratibu kwenye tope la theluji mpaka kwenye ngazi ya sauna, akasimama mbele ya mkwe wake akihema.

"Baba, rudi ndani," Heini alisema. "Utashikwa na baridi."

"Nilipokohoa mimi, uliniletea nini?"

Heini aliikumbatia chupa.

"Nakuuliza. Mimi nakuuliza. Uliniletea nini?"

"Hiyohiyo, baba."

"Hiyohiyo. Chungu kimoja, chupa mbili. Nikainywa, niko hapa." Mzee alinyoosha mkono, akagonga chupa ya chai kwa kucha. "Nina njaa, Heini, na nina kiu. Nenda kachemshe."

Heini aliinuka, akamshika mzee mkono, wakapanda pamoja kuelekea nyumbani. Mlangoni alisimama, chupa kifuani.

"Na asali?" aliuliza.

"Na asali," mzee alisema.